Ala ya uta iliyobadilishwa: dalili, chanzo na pa kutazama

Ala imelazwa mezani juu ya sponji. Kadi inasema: "Chelo, karne ya 17, Italia." Chelo ni ala kubwa ya familia ya fidla, ipigwayo kwa uta. Hii ina nyuzi nne, matundu mawili ya umbo la f, na kichwa kilichochongwa msokoto wa konokono. Lakini mabega yameteremka kama ya mtu aliyechoka, mgongo ni bapa, na ukimulika tochi kwa ubavuni mwa kisanduku cha vigingi, pale nyuzi zinapokazwa, unaona viduara ambavyo havina kazi yoyote.

Swali linalokimbilia mdomoni ni "Hii ni halisi?" Liache. Ala iliyopita mikononi mwa wapigaji na mafundi kwa miaka 300 haiwezi kulijibu kwa neno moja. Uliza badala yake: ilizaliwa ikiwa nini, imefunguliwa au kukatwa mara ngapi, na lipi lilitangulia? Haya yana majibu, na majibu yamekaa kwenye viungo, pale kipande kimoja cha mti kinapokutana na kingine.

Kabla ya kugusa

Vaa glavu za nitraili, na si kwa kuilinda ala peke yake. Makusanyo mengi ya zamani yalitiwa dawa za wadudu, arseniki na DDT zikiwemo, na vumbi lake huweza kuwa limo bado. Vua saa, pete na mkanda wenye bizimu. Andika kwa penseli. Pimia kalipa (kipimo cha unene na upana) ya plastiki au ya mbao, wala usiiburute.

Usilegeze nyuzi zote. Huu ni wema unaoharibu, na nimewahi kuufanya. Ndani ya ala kuna kiguzo cha sauti, kijiti kilichosimama kati ya uso (ubao wa mbele) na mgongo bila tone la gundi. Kinachokishika ni mkandamizo wa nyuzi juu ya daraja, kile kibao kinachoziinua usoni. Nilizilegeza nne kwa mpigo nikasikia "tiki" ndogo, kisha kitu kikabingirika. Mahali kiguzo kilipokuwa kimesimama palikuwa ni ushahidi, na nilikuwa sijapapiga picha. Picha kwanza, pande zote, rula ikiwa ndani ya fremu.

Dalili: viduara kwenye kisanduku cha vigingi

Hapa ndipo pa kuanzia, kwa sababu ni rahisi kuhesabu. Kila kigingi hupita mashavu yote mawili ya kisanduku, kwa hiyo vigingi vinne vinahitaji matundu 8, na vigingi sita 12. Hesabu matundu yanayotumika, halafu hesabu vizibo.

Kizibo ni kipande cha duara cha mti kilichogundishwa ndani ya tundu la zamani. Kinajulikana kwa nyuzinyuzi zake: mara nyingi unaona ncha zake zilizokatwa, zikiwa nyeusi kidogo kuliko shavu linalokizunguka, kwa sababu vanishi huzama zaidi kwenye ncha. Weka tochi sambamba na mti, karibu ulale nayo, na kizibo kitatupa kivuli chembamba hata kama kimepakwa rangi vizuri.

Sasa tofautisha. Kizibo kinachozunguka kigingi kilichopo, kama pete nje ya pete, ni matengenezo ya kawaida: tundu lililiwa na msuguano wa miaka, fundi akaliziba na kutoboa upya palepale. Hakisemi lolote kuhusu mageuzi. Kizibo kilichokaa pasipo na kigingi, au kilichokatwa nusu na tundu jipya, ndicho cha kukutia shaka.

Vizibo vinavyoonyesha kwamba vigingi sita vilipunguzwa kuwa vinne vinaelekeza kwenye viola da gamba ya besi. (Hilo "gamba" ni mguu kwa Kitaliano, maana ala hushikwa kati ya miguu, halihusiani na gamba la samaki.) Gamba ilikuwa na nyuzi sita, na Ufaransa tangu mwishoni mwa karne ya 17 zikawepo za nyuzi saba. Ilipopitwa na wakati katika karne ya 18, ubao wake mzuri haukutupwa: fundi aliipa shingo mpya, nyuzi nne, na ikaingia okestrani ikiitwa chelo. Vizibo vingi zaidi ya hapo, katika kisanduku kirefu kilichofupishwa, vinaelekeza kwenye viola d'amore iliyofanywa viola ya kawaida, ala iliyo kubwa kidogo kuliko fidla. Hiyo ilikuwa na nyuzi sita au saba za kupigwa na mara nyingi idadi kama hiyo ya nyuzi za mwitiko, zinazotetemeka zenyewe bila kuguswa, zilizopita chini ya ubao wa vidole (pale vidole hubonyeza nyuzi). Nenda ukatazame chini kabisa ya ala, karibu na kitufe cha mkia: nyuzi za mwitiko zilifungwa kwenye vipini vidogo, na mashimo yake yakizibwa hubaki kama safu ya nukta. Tano kwenda nne, kwenye mwili mdogo wenye mabega ya kuteremka, fikiria quinton ya Ufaransa ya karne ya 18.

Tahadhari moja ambayo wengi huisahau: kichwa huhama. Fundi angeweza kuchukua kichwa cha ala iliyokufa akakiweka kwenye mwili mwingine. Vizibo vinakuambia historia ya kichwa. Ya mwili itafute mwilini.

Dalili: mwili una sura ya gamba, mavazi ni ya chelo

Gamba nyingi zina mgongo bapa ambao karibu na shingo umekunjwa, ukainama kuelekea upande wa uso. Ule mkunjo ni mfereji uliokatwa kwa ndani ili ubao upinde, na kwa ndani huimarishwa kwa kipande cha mti au kitambaa. Ingiza kamera ndogo ya mrija kupitia tundu la f, au tundu la kitufe kama kitufe kinatoka bila kulazimishwa, utaukuta. Kingo za gamba mara nyingi huishia sawasawa na mbavu (mbao nyembamba za ubavuni), ilhali za familia ya fidla huzidi mbavu kidogo kama ukingo wa paa. Kingo zinazozidi zikiwa na mstari wa gundi unaofuata ukingo mzima, ziliongezwa.

Matundu nayo yana la kusema. Gamba nyingi zilikatwa matundu ya umbo la C. Kuyageuza kuwa f kulihitaji kujaza sehemu fulani na kukata nyingine, na ubao wa sprusi, mti wa jamii ya msonobari, hauna huruma kwa kazi hiyo: pete zake za ukuaji wa kila mwaka ni mistari iliyonyooka, na kiraka chochote huivunja. Fuata mstari mmoja wa pete kwa macho kutoka juu ya tundu hadi chini yake. Ukikatika na kuanza tena milimita moja pembeni, umepata kiraka.

Hata hivyo usiharakishe. Mgongo bapa peke yake hautoshi, kwani zipo chelo zilizozaliwa na mgongo bapa, na besi kubwa bado zinatengenezwa hivyo, zikiwa na mabega ya kuteremka. Mimi siandiki neno "gamba" kwenye ripoti mpaka dalili tatu zisizotegemeana ziseme jambo moja.

Dalili: mstari wa kiungo kwenye shavu la kisanduku

Ukiona mstari unaopanda kwa mshazari kwenye mashavu ya kisanduku, na mwingine mahali shingo inapokutana na kichwa, hapo kichwa cha zamani kimeunganishwa na shingo mpya. Kwenye fidla ya kabla ya karne ya 19 hilo ndilo la kutarajiwa, wala si kasoro.

Kuanzia mwishoni mwa karne ya 18 wapigaji walitaka sauti kubwa na kufika noti za juu zaidi. Shingo ya kale ilikuwa fupi kidogo, ilitoka karibu sambamba na mwili, na ubao wa vidole uliinuliwa kwa kabari. Kwa Stradivari, fundi mashuhuri wa Italia, na wenzake iligundishwa na kupigiliwa misumari ya chuma kutoka ndani, kupitia pande la mti la juu, lililo ndani ya mwili penye shingo. Shingo mpya iliinamishwa nyuma, ikachomekwa ndani ya pande hilo, na urefu wake kwenye fidla ukatulia kwenye milimita 130, dhidi ya 195 kutoka ukingo wa uso hadi kwenye vikato vidogo vya matundu ya f: mbili kwa tatu. Kwenye chelo ni 280 kwa 400. Boriti ya besi iliyo chini ya uso ilibadilishwa pia, ikawekwa ndefu na nene zaidi. Ndiyo maana fidla ya kale yenye shingo yake ya kwanza ni nadra. Viola ya tenori aliyoitengeneza Stradivari mwaka 1690 kwa ajili ya ukoo wa Medici, iliyoko Galleria dell'Accademia mjini Florence, ni mojawapo ya chache zilizopona, na ni kipimo kizuri cha macho.

Kiungo kisipokuwepo, una mambo matatu ya kupima: shingo ni ya asili, shingo na kichwa vyote viliwekwa upya, au ala ilitengenezwa baada ya mabadiliko na lebo inadanganya. Eksirei huamua haraka. Misumari huonekana myeupe, na iking'olewa huacha matundu kwenye pande la juu. Pande lenye matundu ya misumari yaliyozibwa lilibeba shingo ya kale. Pande jipya kabisa halikusaidii: aliyeliweka alitupa ushahidi.

Halafu kuna hila ninayoipenda kwa ufedhuli wake. Kwa kuwa kiungo kilikuwa alama ya umri, baadhi ya karakana za fidla za bei nafuu zilikichora tu: mkwaruzo wa kisu uliojazwa rangi nyeusi kwenye shavu. Njia ya mwongo ni fupi, na hapa ina urefu wa kisanduku. Fuata mistari ya mti. Kwenye kiungo cha kweli, mistari ya mti upande mmoja haifanani na ya upande wa pili. Kwenye mkwaruzo, mistari inapita chini yake bila kujali. Tazama pia ndani ya kisanduku, ambako mchoraji aghalabu hakujisumbua kufika.

Dalili: matundu yako karibu mno na ukingo, au pambo limekatika

Ala hii imepunguzwa. Sababu ni ya nyuzi. Kabla ya katikati ya karne ya 17, noti nzito ilihitaji uzi mrefu na mnene wa utumbo, na mwili mkubwa wa kuubeba. Kuanzia miaka ya 1660 zikaonekana nyuzi za utumbo zilizozungushiwa waya wa chuma: uzito ukapatikana bila urefu. Chelo ndogo ikawezekana, vidole vikapumua, na chelo kubwa zikageuka mzigo. Stradivari mwenyewe alitengeneza za karibu sentimita 79 mwanzoni, kisha baada ya mwaka 1700 akatulia kwenye karibu 75. Nyingi za zile kubwa zilikatwa baadaye.

Namna za kukata ni mbili, na kila moja ina kovu lake. Ya kwanza ni kukata pembezoni: juu, chini, ubavuni. Utepe wa pambizo, ile mistari mitatu myembamba iliyozama karibu na ukingo, hulazimika kuwekwa upya. Tafuta mahali unapobadilika upana au rangi. Mafundi wengi walipachika vipini vidogo vya mti juu na chini ya mgongo ili kuushikilia wakati wa kugundisha. Vipini vikikosekana, ubao wa mwisho wa pale umeondoka. Ya pili ni kutoa kipande katikati na kuunganisha nusu mbili. Hapa pambizo hubaki nzima, na mwenye kutazama ukingo peke yake hudanganyika.

Mfano ulio wazi kuliko wote ni chelo ya Andrea Amati, fundi wa Italia, iitwayo "King", iliyoko National Music Museum huko Vermillion, South Dakota, nchini Marekani. Ilipakwa rangi na dhahabu kwa ajili ya Charles IX, mfalme wa Ufaransa kati ya 1560 na 1574, na ilipunguzwa mwanzoni mwa karne ya 19. Michoro ya mgongoni ndiyo iliyotoa siri: haiungani tena katikati. Pambo la kifalme ni shahidi aliyepakwa rangi. Ala isiyo na michoro inakulazimisha usome pete za mti badala yake.

Dalili: vijia vya wadudu vilivyolala wazi

Hili lilinifunza kuliko vitabu. Mdudu wa mbao huishi ndani, anachimba njia zinazopinda, na akitoka huacha tundu dogo la mviringo usoni. Njia zenyewe hazionekani. Ukiona mfereji uliolala wazi juu ya mti, kama mto uliokauka ukitazamwa kutoka angani, maana yake mbao ilipigwa randa baada ya mdudu kupita. Ama ubao ulikwanguliwa wembamba baadaye, ama ala ilitengenezwa kwa mbao iliyokwisha kuwa kuukuu.

Dhana ya pili ina historia. Leopoldo Franciolini, mfanyabiashara wa Florence, aliuza ala alizozipachika kwa vipande vya ala nyingine, akaziongezea maandishi na mapambo, na mwaka 1910 akahukumiwa kwa udanganyifu. Kabla ya hapo bidhaa zake zilikuwa zimeshasambaa, na makumbusho ya Ulaya na Marekani bado yanazo. Ala yenye vigingi vingi kupita kiasi, pembe zilizozidishwa au sura isiyolingana na aina yoyote inayojulikana, iulizie ilinunuliwa lini na kwa nani kabla ya kuipa jina jipya.

Dalili: lebo ni nzuri mno

Nitapita haraka. Lebo ya "Antonius Stradivarius Cremonensis" ilichapishwa kwa wingi karne ya 19 na 20 na kubandikwa kwenye fidla za viwandani, mara nyingi bila nia ya kumlaghai mnunuzi. Ilitaja kielelezo kilichofuatwa. Ikiwa na neno "Germany", kumbuka kwamba sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ndiyo iliyolazimisha bidhaa kuandikwa nchi zilikotoka. Zaidi ya hapo, lebo ni karatasi yenye gundi. Isome mwisho.

Dalili: rangi mbili chini ya taa ya urujuanimno

Zima taa za chumba, vaa miwani ya kinga, na upitishe taa polepole. Vanishi ya zamani ya resini hung'aa kwa namna yake, kwa kawaida kati ya manjano na kijani. Shelaki, vanishi itokanayo na utomvu wa wadudu, hung'aa chungwa. Viraka vya rangi vya karibuni mara nyingi huonekana kama madoa meusi. Kinachotafutwa ni mpaka. Kichwa kinachong'aa tofauti na mwili, mbavu mbili kati ya sita zenye chungwa, mstari wa gundi unaowaka buluu-nyeupe katikati ya mgongo: kila mpaka uchore kwenye mchoro wa ala. Usiseme umri kwa taa hii. Inatenganisha mikono, haihesabu miaka.

Pete za mti, na mtego wake

Pete za ubao wa sprusi zikipimwa upana na kulinganishwa na orodha za marejeo za pete ambazo miaka yake inajulikana, pete ya mwisho hutoa mwaka ambao mti haukuwa umekatwa bado. Ala haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Haikuambii ilitengenezwa lini baada yake, wala na nani. Fidla iitwayo "Messiah", yenye lebo ya Stradivari ya 1716, iliyoko Ashmolean Museum mjini Oxford, ilipozua mabishano makali, upimaji ulikuta pete zake za mwisho ni za miaka ya 1680. Mwaka wa lebo ukawa umewezekana, haukuwa umethibitishwa.

Mtego uko kwenye ala zilizokatwa katikati. Uso wa vipande viwili kwa kawaida huunganishwa upande wa gome ukielekea katikati, kwa hiyo pete changa kabisa ziko pale pale kwenye kiungo. Fundi aliyetoa kipande cha katikati ameondoka na miaka ya mwisho ya mti, na hesabu itatoa mwaka wa zamani kuliko ukweli. Ukikuta pande mbili za uso zinaishia miaka tofauti sana, rudi kwenye sehemu ya kupunguzwa.

Mezani tena

Ile ala tuliyoanza nayo ilikuwa na vizibo vinne pasipo na vigingi, mkunjo wa ndani juu ya mgongo, kingo zilizoongezwa, na kiraka juu ya kila tundu. Pande la juu lilikuwa jipya, kwa hiyo kuhusu shingo ya kwanza niliandika mstari mmoja tu: haijulikani. Kichwa kiling'aa sawa na mbavu, vizibo vyake vikiwa vya gamba, nikakihesabu kuwa ni cha ala hiyohiyo.

Mtu mmoja aliuliza kama tungeirudisha kuwa gamba. Hapana. Kuirudisha ni mageuzi ya pili, na yangefuta ya kwanza, ambayo nayo yana umri wake na mikono iliyoipiga ikiwa chelo. Kadi mpya inasomeka hivi: "Viola da gamba ya besi, iliyogeuzwa chelo, shingo, pande la juu na kingo ni za baadaye." Neno "Italia" limefutwa, maana lilitoka kwenye lebo. Nyuzi nne tumeziacha zikiwa zimelegezwa nusu, moja baada ya nyingine, na kiguzo bado kimesimama.